Barza ya familia ndani ya simu: kunyamaza si kukubali

Goma, Kivu Kaskazini – Zamani, familia ikiwa na neno la kukata, watu waliitana. Wazee walikaa kwenye viti, vijana kwenye mkeka, kina mama karibu na mlango, na aliyetaka kusema alingoja mwenziwe amalize. Barza ya namna hiyo familia nyingi za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo haziwezi tena kuifanya. Mmoja yuko Goma, mwingine Kinshasa, mwingine kambini Nakivale kule Uganda, mwingine alishapelekwa Marekani. Na Februari 2025, kambi za pembeni ya mji kama Bulengo na Lushagala zilipoondolewa, hata wale waliokuwa wakiishi hema kwa hema walitawanyika. Imebaki simu.

Shida ni kwamba simu haionyeshi uso. Kwenye barza, mtu akinyamaza wote wanamuona: ameinamisha kichwa, amekunja uso, amegeukia mlango. Wanajua kwamba hajakubali. Kwenye simu, anayenyamaza anaweza kuwa amekubali, au amekasirika, au mega zimekwisha, au rezo imekata. Wanaobaki wanachagua maana inayowafaa wao.

Hivyo ndivyo ilivyoipata familia moja ya Masisi. Mama mzazi, mjane, anaishi kartie Ndosho, ndani ya nyumba ya watu wema waliompokea. Mtoto wake wa kwanza yuko Kinshasa, binti yake yuko Nakivale, na kitinda mimba yuko Marekani. Neno lilikuwa moja: mama arudi kijijini kulima maharagi ya msimu wa Septemba, kama alivyotaka, au aende kwa binti yake Uganda, kama watoto walivyotaka?

Kaka mkubwa aliwaita siku ya Mungu, saa nane. Hakusema saa nane ya wapi. Kinshasa ikiwa saa nane, Goma ni saa tisa na Nakivale ni saa kumi. Binti alifungua simu saa nane yake, akangoja saa mbili nzima huku batri ikishuka. Mama naye, mwenye simu ndogo isiyoingia WhatsApp, alikwenda kwa jirani saa nane ya Goma. Akangoja saa moja. Kaka alipopiga, jirani alikuwa tayari amevaa, anataka kutoka na simu yake.

Mama alipewa dakika kumi. Katika hizo dakika kumi, kitinda mimba alikuwa kazini, mashine zinanguruma nyuma yake, na sauti yake haikuzimwa. Wawili walisema pamoja. Mama alisikia jina la Nakivale, akaanza kusema, «Wanangu, mimi...», kisha rezo ikakata. Waliobaki wakaendelea. Mwisho kaka akauliza, «Mama, tumeelewana?» Kimya. Akasema, «Basi, mama amekubali.»

Siku mbili baadaye ujumbe wa pesa za safari uliingia kwenye simu ya jirani. Ndiyo namna mama alivyojua kwamba anaondoka, na ndiyo namna kartie nzima ilivyojua kwamba ana pesa. Alilia. Safari yenyewe haikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kusikia kwamba amesema neno ambalo hakulisema. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa nyumba, shamba na mbuzi, amebaki na neno lake tu.

Ni binti wa Nakivale aliyeitengeneza ile barza upya. Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kuita mkutano. Alimpigia mama simu ya kawaida, jioni, kwenye ile simu yake ndogo, akamuuliza polepole anataka nini. Kisha akamwomba kijana wa jirani amrekodi mama sauti, dakika mbili tu, na kuituma kwa wote. Sauti iliyorekodiwa ina faida yake: haihitaji rezo iwe nzuri kwa watu wote wakati mmoja, na anayetaka anaisikiliza mara ya pili. Wana wote wawili walimsikia mama yao kabla ya kuanza kubishana.

Ndipo akawaita. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: neno ni moja, safari ya mama, saa ni nane ya Goma, saa saba ya Kinshasa, saa tisa ya Nakivale, na kwa kitinda mimba akaandika saa ya kule kwake, kwa sababu Marekani sehemu nyingi husogeza saa mara mbili kwa mwaka. Wajomba na binamu walitaka kuingia pia. WhatsApp inakubali watu hata 32 kwenye simu moja, lakini yeye aliwajibu kwa heshima kwamba watapewa habari baadaye. Zoom aliikataa, kwa kuwa ile ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40, na wazee hawapendi kufukuzwa katikati ya neno.

Siku hiyo picha zilizimwa kwa wote, maana video inakula mega nyingi kuliko sauti, na mega za jirani si za kuchezea. Asiyesema alizima maikro yake. Kila mmoja alianza kwa kujitaja, kama mtu anayepiga simu redioni: «Ni mimi wa Kinshasa.» Aliyemaliza alisema, «Nimemaliza.» Neno hilo dogo lilitosha kuzuia watu kurukiana, kwa sababu sauti inachelewa njiani na mtu hudhani mwenziwe amekoma kumbe anavuta pumzi.

Waliweka pia kanuni ya usalama. Kabla ya lolote, kila mtu aliulizwa kama yuko peke yake. Nyumba nyingi za waliohamishwa zina kuta za mbao au za turubai, na simu ikiwekwa sauti ya nje, jirani wa tatu anasikia. Kwa hiyo kiasi cha pesa, barabara ya kupita na siku ya kuondoka havikutajwa. Hivyo vilisemwa baadaye, kwa mtu mmoja mmoja.

Na mwisho, badala ya kuuliza «tumeelewana?», binti aliita majina. Aliyeitwa alijibu kwa kurudia neno lenyewe alilolikubali. Jina la mama liliitwa la kwanza. Rezo ilikata tena alipofikiwa kaka, lakini safari hii hakuna aliyejibu kwa niaba yake. Walingoja, akarudi, akaulizwa upya.

Mama hakwenda Nakivale, wala hakurudi kijijini. Binamu aliyebaki kule alikubali kulima nusu ya shamba, wagawane mavuno. Pesa za safari zikalipa kodi ya chumba Ndosho kwa miezi kadhaa, na kiasi kidogo kikanunua simu ya mkono wa pili inayoingia WhatsApp. Baada ya mavuno wataitana tena kuhusu safari ya Uganda. Kaka mkubwa hakufurahi sana. Aliogopa, na bado anaogopa, kwamba vita vitamkuta mama mahali pabaya. Alisema hivyo wazi, mama akamsikia, na hakuna aliyeikata simu.

Usiku huo binti aliandika mistari mitatu kwa familia nzima: lililokatwa, nani atafanya nini, lini wataitana tena. Mama hajui kusoma vizuri, kwa hiyo alimtumia yaleyale kwa sauti. Jibu lilirudi asubuhi, sekunde chache tu, jogoo akiwika nyuma: «Nimesikia. Na ni mimi mwenyewe nasema ndiyo.»