Mashine Inayokimbia Umeme Ukikatika

Ndani ya kompyuta yako anaishi gavana, na hukumpigia kura. Sitanii, ndilo jina lake rasmi. Kwenye kerneli ya Linux, anayeamua prosesa ikimbie kwa kasi gani sasa hivi anaitwa gavana, na wapo sita wa kuchagua. Performance anaweka kasi juu kabisa, basi. Powersave anaiweka chini kabisa, basi. Userspace anamwachia mtumiaji aamue mwenyewe. Ondemand, aliyeingia mwaka 2004, anaangalia prosesa imefanya kazi kwa muda gani na imelala kwa muda gani. Akiona mzigo umezidi anaruka moja kwa moja hadi juu. Conservative ni ndugu yake mwoga, anapanda ngazi moja moja. Wa mwisho ni schedutil, wa mwaka 2016, ambaye hana haja ya kupima upya: anachukua hesabu ambazo mpangaji wa kazi wa kerneli anazo tayari, anaongeza robo juu yake kama akiba, kisha anaomba kasi hiyo.

Neno "anaomba" lishike vizuri. Ndilo lililotusumbua wiki nzima.

Somo la mifumo endeshi tulilisoma muhula mzima. Foleni za michakato, kurasa za kumbukumbu, mkwamo, tukakesha, tukafaulu. Gavana hakutajwa hata siku moja. Mimi nilikutana naye kwa sababu ya mwenzangu wa chumba, ambaye bumu la muhula wa kwanza lote lilikwenda kwenye kompyuta mpakato iliyotumika. Mashine nzuri tu, kioo hakina mkwaruzo. Chaja iliyokuja nayo ilikufa mapema, akanunua nyingine kwenye duka moja mjini, ya bei ya kumfurahisha mwanafunzi. Kuanzia hapo mashine ikawa mzee. Programu ya mradi wake wa mwisho, ya simu za Android, ilikuwa inachukua dakika 31 kujijenga. Ukikosea herufi moja, unasubiri dakika 31 nyingine. Fundi mmoja akaiangalia, akatikisa kichwa: "Mdogo wangu, mazabodi imechoka hii. Lete laki mbili na nusu nikutafutie nyingine."

Laki mbili na nusu, wiki tano kabla ya kuwasilisha mradi. Jamaa alianza kuhesabu siku za kula.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa nini kasi inachezewa kabisa, maana bila hilo kisa hakieleweki. Umeme unaoliwa na transista zikiwashwa na kuzimwa unakwenda sambamba na masafa, ila kwa volteji unakwenda kwa kipeo cha pili. Punguza masafa peke yake kwa nusu: nguvu inashuka nusu, lakini kazi ileile inachukua muda mara mbili, kwa hiyo kwa upande huo betri haijapona chochote. Faida iko kwenye volteji. Ukishusha masafa kwa asilimia 20, na volteji nayo kwa asilimia 20, unazidisha 0.8 mara tatu, unapata 0.512. Karibu nusu ya nguvu kwa kupoteza tano moja ya kasi! Wazo la kuufanya mfumo endeshi ndio uamue mambo haya lilishaandikwa mwaka 1994 na Mark Weiser na wenzake wa Xerox PARC kule California, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa mbona usishushe volteji tu ukaacha masafa juu? Fikiria maji ya hosteli. Presha ikiwa ndogo na mabomba yote ya chini yamefunguliwa, sisi wa ghorofa ya nne tunabaki na ndoo mkononi. Ndani ya prosesa kuna njia ndefu ambayo ishara yake huchelewa kuliko zote, hiyo ndiyo ghorofa ya nne. Volteji ikipungua, ishara inachelewa zaidi. Saa ikigonga kabla haijafika, prosesa inachukua jibu ambalo bado halijawa jibu. Ndiyo maana kiendeshi kilichoandikwa vizuri kina nidhamu moja isiyovunjwa: ukipanda, volteji kwanza halafu masafa, ukishuka, masafa kwanza halafu volteji. Kwenye simu na bodi ndogo, jozi hizo za masafa na volteji zinakaa kwenye jedwali ambalo kerneli inalisoma. Ni mistari michache ya kuchosha, na simu nzima imeikalia.

Turudi chumbani. Tuliweka Ubuntu, tukafungua faili zile ambazo kerneli inaandika hali ya prosesa. Kikomo cha juu: gigahezi 2.7. Kasi ya sasa: megahezi 798. Tukadhani gavana ni mvivu, tukamweka performance. 798. Tukaipa mzigo mzito, core zote zinafanya kazi. 798. Joto likiwa nyuzi 41, yaani hata feni haikuwa na sababu ya kulalamika. (Kwa wenye Intel: ukitumia kiendeshi cha intel_pstate katika hali yake ya kawaida, powersave wake si yule wa kuganda chini, anapanda na kushuka. Wengi wanamlaumu bure.)

Siku ya tatu umeme ukakatika kampasi nzima. Mashine ikabaki na betri yake mbovu, na jamaa akapiga kelele gizani: "Oya mwanangu, njoo uone!" Megahezi 2,500 na kitu. Programu ikajijenga kwa dakika 11, betri ikafa dakika chache baadaye. Umeme uliporudi, 798.

Mashine inakimbia umeme ukikatika, inatambaa umeme ukirudi. Ukishaliona hivyo, jibu linajitokeza lenyewe: chaja. Kwenye aina ile ya mashine, chaja ina waya mwembamba wa tatu ambao kazi yake ni kujitambulisha, kuiambia kompyuta kwamba mimi ni wati kadhaa. Chaja ya kienyeji haisemi kitu, au waya wake umekatika. Kidhibiti kidogo kwenye mazabodi kisiposikia utambulisho, kinavuta waya unaokwenda kwenye prosesa, ule ambao kwa asili ni wa kupiga yowe la joto, na prosesa inashuka chini kabisa. Gavana anaweza kuomba gigahezi 2.7 mpaka asubuhi. Kuna mtu juu yake.

Hapo ndipo tulipobishana. Jamaa alishagundua kwamba kuna rejista moja ya prosesa ambayo ukifuta biti yake moja, prosesa inaacha kusikiliza waya ule. Amri ya mstari mmoja. "Tunamaliza leo," akasema. Mimi nikamwomba aishike ile chaja. Ilikuwa ya moto kiasi cha kupasha chapati, na hiyo ni kwa megahezi 798. Hatujui ni ya wati ngapi kweli, maandishi yake ni maandishi tu, na analala nayo juu ya godoro. Akanijibu kitu ambacho mpaka leo sina jibu lake kamili: kama tatizo ni waya mwembamba tu uliokatika, breki hiyo inamwadhibu mtu mwenye chaja nzima, na aliyeiweka hakuweka hata ujumbe unaoonekana ukiwa ndani ya mfumo. Ni kweli. Mashine inamnyima mwenye nayo kasi na haimwambii kwa nini, mpaka fundi anadai laki mbili na nusu kwa kitu kisichokufa.

Ila tahadhari yangu haikuwa ya kizee. Mwaka 2017 watafiti wa Columbia, Marekani, walionyesha kwamba ukidhibiti kiendeshi cha masafa cha simu ya Nexus 6 unaweza kuisukuma prosesa mpaka ikosee hesabu kwenye eneo lake la siri, ukatoa ufunguo. Wakaiita CLKSCREW. Desemba 2019 wengine, wa Birmingham, Graz na Leuven, wakafanya mambo ya namna hiyo kwa kushusha volteji ya prosesa za Intel: kuzidisha namba mbili kukatoa jibu lisilo sahihi. Hiyo ni Plundervolt, na Intel ilitoa masasisho ya kufunga mlango huo. Watu waliozoea kubana volteji ili mashine zao zisipate joto wengi wao wakaukosa nao. Ukifika ngazi hii, programu inashika fizikia kwa mkono, na sikutaka tuishike usiku wa manane tukiwa na haraka.

Tukaazima chaja halisi ya wati 65 kwa dada mmoja wa darasani. Tukaiwasha mashine upya: 2,600, 2,500, 2,650, inapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Alituazima kila usiku kuanzia saa nne mpaka alfajiri kwa wiki mbili, kwa malipo ya vocha na kumsaidia hifadhidata yake, na mradi ukawasilishwa siku tatu kabla ya mwisho. Baadaye jamaa alipata chaja halisi iliyotumika kwa elfu 35 kwa mtu aliyekuwa anahitimu.

Ile nyingine bado iko chini ya kitanda. Juzi kijana wa mwaka wa kwanza kaja na mashine yake inayotambaa, ameshaambiwa mazabodi. Nikamwambia achomoe kwanza waya wa umeme, halafu tuangalie namba pamoja.