Kutoka Tangi Hadi Nozeli

Injini ya dizeli iliyozeeka haiwezi kuficha umri wake Njombe, alfajiri ya mwezi wa saba. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikikolea barafu hukaa kwenye majani ya viazi mpaka jua litoke. Petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Dizeli haina cheche: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa kutosha kuunguza mafuta yanayopulizwa na nozeli. Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hiyo mwaka 1897, na msingi wake haujabadilika. Kukiwa na baridi kali, chuma chenyewe hunyonya lile joto kabla halijafanya kazi, ndiyo maana zikawekwa hita plagi, moja kwa kila silinda, zipashe chumba cha moto kabla hujapiga stata. Moja ikiungua, gari huwaka kwa kusuasua. Zikiungua mbili, mtaa mzima huamshwa na stata, na moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi hutanda hadi kwa majirani.

Hilux ya baba ilikuwa na injini ya 2L, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,446. Aliinunua mkononi mwa mtu mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikiwa tayari imechoka, akabebea viazi na mbao, na kwa hiyo hiyo akatusomesha. Gereji zilikuwepo Makambako, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, lakini ada za shule na malipo ya fundi havikuweza kutoka mfuko mmoja. Akajifunza mwenyewe. Kaka zangu walikuwa shule za bweni, hivyo tochi nikaishika mimi.

Kanuni yake ilikuwa moja: anza kwenye tangi, malizia kwenye nozeli, usiruke kituo. Gari likikosa nguvu au likizima njiani, wengi walikimbilia pampu, kwa kuwa ndiyo inayotisha na ndiyo yenye gharama. Baba aliigusa mwisho. Kwanza kifuniko cha tangi, kwa sababu tundu lake la hewa likiziba, mafuta hugoma kwenda. Kisha mipira ya mafuta, kisha filta, kisha ile pampu ndogo ya mkono iliyokaa juu ya filta, kisha waya wa kile kizibo cha umeme kinachoruhusu mafuta kuingia pampu kubwa. Waya huo alinifundisha kuupima nikiwa bado shule ya msingi. Fungua swichi bila kupiga stata, chomoa waya, uguse tena mahali pake, sikiliza. Ukisikia "tek", umeme unafika na kizibo kinafunguka. Pakiwa kimya, mafuta hayapiti, na kulisukuma gari ni kujichosha bure.

Kazi yake ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mpira wa levo. Gari lilikuwa linawaka asubuhi, linanguruma kidogo, linazima, kisha linakataa kabisa mpaka upige pampu ya mkono kwa muda mrefu. Mafundi wawili waliolitazama walisema pampu imekwisha. Baba akaomba kwa fundi mwashi kipande cha ule mpira unaoonekana ndani, wanaoutumia kupimia usawa wa kuta kwa maji. Akakifunga kati ya filta na pampu, akakaza klipu, akawasha. "Mama, leta tochi karibu, tazama ndani," aliniambia. Dizeli ilikuwa inapita ya rangi ya dhahabu, safi, halafu katikati yake ukatokea msururu wa mapovu madogo sana yakikimbilia pampu. Hewa. Pampu ya dizeli ikivuta hewa haina nguvu ya kubana chochote. Akazima, akauhamishia mpira ule upande wa pili, kabla ya filta, akawasha tena. Mapovu hayakuwepo. Kwa hiyo hewa ilikuwa inaingilia hapo hapo kwenye kichwa cha filta. Alipofungua pampu ya mkono, raba ya ndani ilikuwa na ufa usioonekana mpaka uikunje. Raba mpya iliponunuliwa na upepo kutolewa, gari likawaka, na ile pampu iliyosemwa imekwisha ikaendelea kufanya kazi miaka mingi.

Nikiwa na umri wa kushika spana, nikafundishwa kutafuta silinda iliyolala. Injini ikinguruma taratibu, unalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, kidogo tu, dizeli ivuje. Sauti ikibadilika, injini ikatetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi yake, kaza. Unakwenda ya pili, ya tatu. Ile ambayo ukiilegeza injini haijali ndiyo mgonjwa wako. Nozeli za injini hizo hufunguka kwenye bar 100 na ushee, na ulichohitaji ni spana moja na masikio. Moshi nao ulikuwa na habari zake: mweusi, mafuta mengi kuliko hewa, tazama filta ya hewa, wa bluu, oili inaungua, mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, angalia maji ya rejeta kama yanapungua.

Kuna kazi moja ambayo baba hakuithubutu, nayo ni kufungua pampu yenyewe. Hiyo ilikwenda Mbeya kwa fundi wa pampu, mwenye benchi la kupimia na chumba kisichoingiza vumbi. Na ilikwenda kwa sababu ya mafuta ya taa. Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, bei yake iko chini mno ya dizeli, na wenye tamaa wakayachanganya. Injini ya 2L haikuonyesha tofauti kubwa kwa haraka, labda nguvu kupungua mlimani. Lakini pampu za aina ile hazina oili yake. Zinalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu. Fundi alitulazia vyuma juu ya kitambaa cheupe, akatuonyesha michirizi ambayo ukipitisha ukucha unaihisi. Gharama yake ilikuwa sawa na mavuno ya viazi ya shamba zima. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yajulikane, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa yakaribiane bei na dizeli. Najua waliokuwa wakiwasha koroboi na majiko ya utambi waliumia kwa uamuzi huo wa pili, na waliumia kweli. Lakini kwa sisi wenye dizeli kuukuu, sijaona badiliko lolote la gereji lililotuokoa kama hayo mawili ya serikali.

Nitaje na thamostati, maana jambo hili linaniuma hadi leo. Gari likichemsha, mafundi wengi hukimbilia kuitoa na kuitupa, wakisema inazuia maji. Thamostati imewekwa ili injini ifikie joto lake na kubaki hapo. Ukiitoa huku kwetu kwenye baridi, dizeli inaendeshwa siku nzima ikiwa haijapata moto, inakula mafuta, inatoa masizi, na chanzo cha kuchemsha kiko pale pale: rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea, mpira wa maji uliooza. Injini za 2L zinajulikana kwa silinda hedi kupasuka zikichemshwa, na yetu ilipasukia mlima Kitonga, imebeba mabati, baada ya mpira wa juu wa rejeta kupasuka. Baba alijua kabla ya kufungua chochote. Aliacha kifuniko cha rejeta wazi, akajaza maji, akawasha: maji yakatoa mapovu ilhali bado ya baridi, kwa kuwa moto wa silinda ulikuwa unapenya kuingia kwenye njia ya maji. Baada ya hapo tukafunga injini ya 3L iliyotumika, ya lita 2.8, ambayo inakaa kwenye mikono ile ile ya injini.

Kisha zikaja injini za D-4D. Mpwa wangu alinunua Hilux yenye injini ya 1KD, ya lita tatu, ambayo pampu yake haigawi mafuta kwa kila nozeli kama zamani. Inayasukuma yote kwenye bomba moja nene liitwalo reli, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Presha ndani ya reli huweza kuzidi bar 1,300. Siku ya kwanza alipoona mtetemo, aliniletea spana mkononi tulegeze nati kama alivyosikia nikisimulia. Nilimkataza kwa sauti kubwa. Dizeli inayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo hata likionekana dogo. Jambo la kwanza nililofundishwa kwa spana limekuwa jambo la kwanza ninalokataza vijana.

Kipimo chenyewe hakijafa, kimehamia kwenye kioo cha laptopu. Fundi aliyeunganisha mashine alinionyesha orodha ya nozeli nne, kila moja na namba yake: ipi kompyuta inaiongezea mafuta ili ifanane na wenzake, ipi inaipunguzia. Niliitambua mara moja. Ni ule ule uwindaji wa silinda iliyolala, na kwa kweli ni bora kuliko masikio yangu, kwa sababu unamwona mgonjwa kabla hajaanza kukohoa.

Ila mashine husoma pale ilipowekewa sensa, na sensa hazifiki kila kituo. Gari la mpwa wangu lilianza kukosa nguvu milimani, taa ya injini ikawaka. Mashine ikasoma kwamba presha ya reli iko chini. Gereji ikampa bei ya valvu ya pampu, na baada yake pampu nzima ikibidi.

"Shangazi, wanasema mashine haidanganyi," aliniambia.

"Haijadanganya. Presha iko chini kweli. Filta umebadilisha lini?"

Alikuwa ameibadilisha karibuni, na boksi lilikuwa na chapa na rangi zote za ile halisi. Tukaanzia kwenye tangi kama kawaida, tukafika kwenye filta, nikaikata kwa msumeno wa chuma. Karatasi ya ndani ilikuwa imeachia gundi upande wa chini na kujikunja, ikaziba njia kwa mikunjo yake yenyewe, na chini kulikuwa na maji. Tuliweka filta halisi, tukasafisha tangi, tukatoa upepo, akafuta msimbo wa hitilafu kwenye mashine. Gari lilipanda kama siku aliyolinunua. Namshukuru Mungu tuliiona mapema, kwa sababu nozeli za reli hazivumilii uchafu uliokuwa ukivumiliwa na zile za baba.

Tangu siku hiyo tunafanya kazi pamoja. Yeye ana kisomeo kidogo kinachozungumza na simu, na kimetusaidia pale ambapo mimi ningepapasa waya siku nzima, kama sensa ya pedali ya mafuta ilipokufa. Mimi nina mpira wa levo. Kuna jambo jingine lililobadilika ambalo nalifurahia kwa moyo wote: ujuzi haufichwi tena. Zamani mafundi waliwatuma vijana kununua soda walipofika kwenye kurekebisha taimingi ya pampu, ili wasione. Sasa kijana wa Ludewa anarekodi mlio wa injini yake kwa simu, anautuma kwa WhatsApp, na kabla ya jioni amejibiwa na watu watatu wa mikoa mitatu. Huwa nawaomba wanaonitumia waseme kwanza mambo manne: gari linazingua likiwa baridi au moto, moshi wa rangi gani, filta ilibadilishwa lini, mafuta yalijazwa wapi. Zaidi ya nusu ya matatizo hujieleza hapo.

Baba hapigi tena spana, masikio yamepungua, lakini mafuta bado anachagua mwenyewe pa kujaza. Hilux yake ipo. Taa ya T-BELT, ya mkanda wa taimingi, imewaka kwenye dashibodi, kama inavyowaka kila kilomita 100,000, na kwenye injini hii mkanda huo ukikatika valvu hugonga pistoni. Nimeshanunua mkanda na beringi yake ya kukazia, na mpwa wangu anakuja Jumamosi. Safari hii atafunga yeye, mimi nitashika tochi.