Kompyuta Tulizozipokea Zikiwa na Bwana

Kizazi chetu hapa Kisangani kilijifunzia kwenye mashini ya kuandikia. Utepe ulipochakaa uliubadilisha mwenyewe. Herufi ilipokwama, fundi wa sokoni alifungua kifuniko, akachungulia, akanyoosha chuma. Hakuna aliyemwomba mwenye kiwanda ruhusa. Kompyuta zilianza kutufikia kwa wingi baada ya Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, mji ulipopata nafasi ya kupumua, na karibu zote zilikuwa na Windows ndani. Hatukuuliza kama kuna mfumo mwingine.

Tena wengi hatukuinunua. Sekretariati za mtaa wetu wa Makiso, yaani vibanda vya kuchapia, zilifanya kazi kwa nakala zilizovunjwa kufuli, zilizopita kutoka flashi hadi flashi pamoja na virusi vyake. Nimemwona mwanafunzi akilia mbele ya skrini, kazi yake ya kumaliza masomo imegeuka alama zisizosomeka. Watu husema wizi ule ulitusaidia sisi maskini. Mimi nasema ulitufunga: ulizoesha vidole vyetu kampuni moja, nayo haikutumia hata faranga.

Na njia nyingine ilikuwepo! Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta ambao yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha, ulitoka 2004, na aliyeomba CD alitumiwa kwa posta bila malipo. Mwaka uleule mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Sisi, wasemaji wa Kiswahili, tuliendelea kubofya Kifaransa cha watu wengine.

Leo vijana huniambia programu huria ni za wataalamu. Basi waulize wauguzi: takwimu za malaria na chanjo za zoni zetu za afya huingizwa katika DHIS2, programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa hazina chipu ya usalama inayodaiwa. Kibodi nzima, skrini nzima, lakini mtu wa mbali ametangaza kwamba muda wa kompyuta hizo umekwisha. Linux Mint, mfumo huria mwingine, ingezihudumia kwa miaka mingine bila kulipa senti. Wajukuu zangu, ijaribuni kwanza kwenye flashi, bila kufuta chochote. Na maprofesa wetu wakubali kupokea kazi za wanafunzi katika muundo wazi wa faili uitwao ODF, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa, ili asiyekuwa na Word asirudishwe mlangoni.