Vita vya Karatasi

Nilipokuwa mtoto kule Basotu, vumbi likitimka upande wa Mlima Hanang tulijua ng'ombe wanarudi, na mara tulisikia kengele shingoni mwa fahali, bangili za shaba zikigongana mikononi mwa kina mama waliokimbilia ndama, na harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi, huku babu, kajifunga lubega, kasimama mlangoni mwa boma akihesabu mifugo kwa macho tu.

Siku hizi vumbi ni la trekta.

Ngano ilikuja miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, na mashamba ya NAFCO, shirika la serikali, yakafika saba, ekari kama 100,000, kwenye muhajega, malisho yetu yaliyonona kuliko yote. Sisi Wabarabaig, Wamasai walituita Mang'ati, yaani maadui. Kwa jina hilo ungetarajia mikuki. Lakini wazee wa kijiji cha Mulbadaw walienda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua: anayedai ardhi kwa mila athibitishe kwamba ni mwenyeji. Habari hiyo ilipofika bomani babu aliweka kibuyu chini. "Athibitishe kwa nani," aliuliza, "na baba yake kazikwa hapa?"

Mwaka huu nimerudi kutafuta tulishindwaje. Nilidhani jibu liko kwenye majalada.

Mpwa wangu ana nyumba ya bati, binti yuko sekondari, na mahindi anayauza Katesh. Ng'ombe anao wanne. Alifungua sanduku la chuma akatoa hatimiliki ya kimila, kaivisha nailoni mbili.

"Hii hainyang'anywi, mjomba."

Nilimwonea wivu. Kwa karatasi kama ile, babu angetoa fahali wake bora.

Nikamwomba anipeleke kwenye bung'eda ya babu, lile kaburi la udongo ambalo wanaume walilipandisha miezi kadhaa, tabaka juu ya tabaka, hadi siku ya pombe ya asali ukoo mzima ulipojaa uwanjani. Tukapita katikati ya mahindi, yeye akihesabu matuta. Akasimama.

"Ni hapa. Mvua iliishusha, nami nikalima."

Mahindi ya pale yalikuwa yameyapita mengine kwa urefu. Jioni mkewe alituletea ugali. Nikanawa, nikala.