Mnong'ono wa Mama



Tuliosoma nje kabla ya simu za mkononi tunazikumbuka barua za kaseti. Mama yangu, mtu wa Tanga, hakupenda kuandika. Nilipokuwa nasomea uhandisi Pune, India, alikuwa akikaa jikoni na redio kaseti, akizungumza hadi upande mzima ujae, kisha kanda hupewa msafiri. Ninazo saba. Mwaka jana dada yangu aliyeolewa Jeddah aliniomba nizihamishie kwenye kompyuta ili wanawe wamsikie bibi yao. "Lakini uzisafishe, kaka. Mama mara anapaza sauti, mara hasikiki."

Kazi hiyo ni ya kompresa, kifaa cha studio kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Siku hizi hupatikana pia kama programu ya kompyuta, ila vitufe vyake ni vilevile. Cha kwanza ni kizingiti: sauti iliyo chini yake huachwa ilivyo, inayokivuka hubanwa. Cha pili ni uwiano: ukiwa nne kwa moja, sauti iliyokivuka kizingiti kwa desibeli 12 itatoka imekivuka kwa 3 tu. Cha tatu ni muda wa kukamata na cha nne ni muda wa kuachia, vyote kwa milisekunde. Cha mwisho huinua sauti yote kwa pamoja, kufidia kilichobanwa.

Hapo mwisho ndipo wengi tunapokosea. Kompresa ya kawaida haiuchagui mnong'ono na kuuinua. Hukandamiza makelele, na unapofidia, mnong'ono hupanda pamoja na mvumo wa kanda.

Mimi mhandisi nilijiona najua. Nikashusha kizingiti, nikaweka uwiano nane kwa moja, kukamata milisekunde 1, kuachia 30. Herufi p, t na k zikapoteza makali, na kila mama aliponyamaza, mvumo ukapanda kama mtu anayehema. Lakini kila neno lilisikika! Nikaendesha gari kutoka Riyadh hadi Jeddah, kilomita 950 hivi, nikijisifu njia nzima.

Dada alisikiliza dakika mbili. "Kaka, huyu si mama. Huyu mtangazaji wa redio."

Tukafika kanda ya tatu, ya mwaka 1991. Baada ya bei ya samaki, kwa ukubwa uleule, mama akasema: "Baba yako hajambo kidogo. Usiseme nimekwambia."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Kule Pune yalizama kwenye mvumo, nikadhani mama amenyamaza. Baba alifariki miezi minne baadaye, nami kwa miaka zaidi ya thelathini nimewalaumu wa nyumbani kuwa walinificha.

Dada akasema taratibu, "Hapo alikuwa ananong'ona. Baba alikuwa chumba cha pili. Mimi ndiye niliyemshikia redio."

Usiku ule sikulala. Nilianza upya mezani kwa dada. Kwanza niliinua sehemu hafifu kwa mkono, moja moja, kidogo tu. Kisha nikapandisha kizingiti mpaka sauti kubwa peke yake ndiyo iguswe. Uwiano nikaufanya mbili kwa moja. Kukamata milisekunde 30, ili mwanzo wa neno upite kabla ya kubanwa. Kuachia 250, ili mvumo usiruke. Halafu nikawa nazima na kuwasha kompresa, nikihakikisha ukubwa ni mmoja pande zote mbili. Msiruke hatua hii, ndugu zangu, maana sikio hudanganyika kwamba kilicho kikubwa zaidi ndicho kizuri zaidi.

Alfajiri maneno ya mama yalisikika, lakini ukitaka kuyapata ni lazima uiname. Dada alisikiliza hadi mwisho wa kanda bila kusema kitu, kisha akaenda kuchemsha chai.

Baadaye tukawaita watoto. Mdogo wao akasogeza sikio kwenye spika, akaniangalia.

"Mjomba, bibi anamficha nani?"