Usimamizi wa Miradi ya Kompyuta

Nyumba ikijengwa, kila apitaye njiani huiona. Husema leo imefika madirishani, na juma lijalo itaezekwa. Kazi ya kutengeneza programu ya kompyuta haina sura hiyo. Watu ishirini huweza kuketi mbele ya skrini mwaka mzima, na mgeni akiingia chumbani mwao asijue kama wamefika paani au hawajachimba msingi. Kwa hiyo kazi hii imehitaji msimamizi wa namna yake, na msimamizi huyo amehitaji mafunzo yake. Yamkini wewe, msomaji, utakuwa mmoja wao. Basi yakupasa kujua mapema ni mzigo gani utakaotwishwa.

Usidhani kwamba msimamizi wa mradi wa kompyuta ni fundi apitaye mafundi wote. Aghalabu walio chini yake humshinda kwa kuandika programu, na hilo si aibu kwake. Kazi yake ni kujua nini kinatakiwa, nani atakitumia, fedha ni kiasi gani, siku ni ngapi, na hatari imejificha wapi. Maneno haya ni mepesi kutamka. Uzito wake huonekana yanapopuuzwa, na mfano niupendao kuliko yote ni wa mji wa London.

Idara ya magari ya wagonjwa ya mji huo ilikuwa ikipokea simu kwa maelfu, na kila ombi likiandikwa katika karatasi. Wakuu wake walitaka kompyuta ipokee habari, ichague gari lililo karibu na mgonjwa, na kulituma. Nia ilikuwa njema. Walakini siku ya kumaliza iliwekwa kabla ya kazi yenyewe kupimwa: mkataba ulitolewa mwaka 1991, na kazi ikatakiwa iwe tayari tarehe 8 Januari 1992. Zabuni ilipewa waliotaja bei ya chini, pungufu kidogo ya paundi milioni moja, nao hawakuwa wamepata kutengeneza kitu cha jinsi ile. Siku ilifika, kazi haikuwa tayari. Wapokea simu na madereva walikuwa wamekwisha kufundishwa. Miezi ikapita, na mengi waliyofundishwa yakawatoka vichwani.

Tarehe 26 Oktoba 1992 mtambo ulianza kutumika mji mzima, huku kasoro zake nyingi zikijulikana. Kompyuta ilipoteza habari za mahali magari yalipo. Mgonjwa mmoja alipelekewa magari mawili, na mwingine akangoja asione hata moja. Waliongoja walipiga simu tena, na simu zao zikaongeza msongamano. Ilani zilijaa katika skrini hata maombi ya kale yakasukumwa yasionekane. Fikiri, msomaji, umeketi kando ya baba yako anayepumua kwa shida, na simu unayopiga inalia dakika kumi bila jibu. Tarehe 4 Novemba mtambo ulisimama kabisa. Sababu ilikuwa ndogo mno: majuma matatu nyuma fundi mmoja aliacha ndani ya programu kipande kilichokula kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo kila gari lilipotumwa, mpaka nafasi ikaisha. Kompyuta ya akiba haikushika kazi, maana haikuwa imejaribiwa ipasavyo. Watu wakarudia karatasi.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulitoa taarifa yake mwaka 1993, nayo haikumtwika lawama yule fundi peke yake. Ilisema usimamizi ulikuwa dhaifu na wenye utata. Tena mradi ule ulikuwa umekusudiwa kufuata utaratibu uitwao PRINCE, ambao serikali ya Uingereza iliuweka mwaka 1989 kwa miradi ya kompyuta hasa. Lakini haukufuatwa kama ilivyokusudiwa. Kanuni zilikuwapo, watu wa kuzitumia hawakuwapo. Hapa ndipo ninapoona faida ya mafunzo, na pia mpaka wake.

Siku hizi mafunzo yamekuwa mengi. Utaratibu ule ulitengenezwa upya mwaka 1996, ukaitwa PRINCE2. Huko Marekani chama cha Project Management Institute, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilianza mwaka 1984 kutoa cheti cha PMP, kinachodai saa 35 za masomo pamoja na miaka ya kuongoza kazi kweli. Chama hicho kina cheti cha wanaoanza, CAPM, ambacho aliyemaliza sekondari huweza kukitahinia baada ya saa 23 za masomo. Saa hizo ni chache, na mimi simwamini mtu kwa sababu ya karatasi iliyotundikwa ukutani.

Hata hivyo yako mambo ambayo akili ya kawaida haimwonyeshi mtu mpaka afundishwe. Mradi ukichelewa, kila mkubwa husema: ongezeni watu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kuu za kompyuta za IBM System/360 katika miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe kazi, na wa kuwafundisha ni wale wale waliokwisha kulemewa. Wazee wa pwani wasemapo manahodha wengi chombo huenda mrama, hawako mbali naye.

Gumu kuliko yote ni kumwambia mkubwa habari asiyoipenda, mapema, na kwa hesabu: siku hii haiwezekani, na sababu ni hizi. Wengi hunyamaza hata siku yenyewe ifike.

Kwetu, tarehe 4 Machi 2013, vifaa vya kuwatambua wapigaji kura viliharibika au kuishiwa umeme katika vituo vingi, daftari za karatasi zikatumika; mtambo wa kupeleka matokeo ulikwama, maofisa wakayaleta Nairobi kwa mkono. Mahakama ya Juu ilisema chanzo kikubwa kilikuwa mivutano ndani ya tume wakati wa ununuzi. Lakini tazama jambo la umeme. Vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule. Darasa gani lina umeme na lipi halina, mwalimu mkuu alijua, na wanafunzi wake walijua, miezi mingi kabla ya siku ile. Kilichohitajika ni mtu wa kwenda kuwauliza, akaandika jibu lao, na kulipeleka mezani kwa wanunuzi kabla vifaa havijaagizwa.