Boma la Moyale Katika Mpaka wa Kaskazini

Katika Mukuru kwa Reuben, mtaa ulio kando ya mto Ngong upande wa mashariki ya Nairobi, mpaka ni jambo dogo. Ni ukuta wa mabati kati ya nyumba na nyumba, na jirani hulisikia koo la mwenziwe akikohoa usiku. Lakini ng'ambo ya pili ya nchi uko mpaka mwingine, uliochorwa kwa wino, ukalindwa kwa bunduki, na kwa ajili yake watu wengi wakapoteza maisha. Huo ndio mpaka wa Moyale.

Kutoka Nairobi hadi Moyale ni mwendo wa karibu kilomita 780. Msafiri huiacha nyuma Thika na mashamba yake ya mananasi, akauzunguka Mlima Kenya kupitia Nanyuki, akateremka Isiolo, na hapo ndipo nchi ya joto na miiba inapoanza. Hupita Laisamis na Marsabit, akavuka jangwa la mawe meusi hata Turbi, na mwisho huiona Moyale juu ya kilima. Zamani safari ya lori kutoka Isiolo ilikuwa ya siku kadhaa, na madereva walisafiri kwa misafara kwa kuwaogopa wanyang'anyi. Barabara ya lami ilipokamilika katika miaka ya 2010, safari hiyo ikawa ya siku moja.

Asili ya boma la Moyale ni hii. Mwishoni mwa karne ya 19, Mfalme Menelik wa Uhabeshi alipanua utawala wake upande wa kusini, na Waingereza nao walikuwa wakijitwalia nchi kutoka pwani. Katika mwaka wa 1902 na 1903 Kapteni Philip Maud alipita huko akipima ardhi na kupendekeza mstari wa mpaka. Mzee wa Kiborana au wa Kigabra hakuulizwa visima vya ukoo wake viangukie upande gani. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba 1907. Lakini hata kabla ya hapo Mgiriki mmoja, Philip Zaphiro, alikuwa amewekwa na Waingereza kuuangalia mpaka, naye akajenga kituo hapo Moyale. Kituo hicho kiliitwa Fort Harrington, kwa jina la balozi wa Uingereza aliyekuwa Addis Ababa. Baadaye askari wa King's African Rifles, ambao wananchi waliwaita Keya, wakakaa hapo kuulinda mpaka.

Boma lilijaribiwa hasa katika Vita Kuu ya Pili. Waitaliano walikuwa wameingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936, na tangu hapo adui alikuwa mlangoni. Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni 1940, boma lilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya batalioni ya kwanza ya Keya. Batalioni hiyo iliandikisha askari wake Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Basi vijana hao walikuwa wakilinda nchi isiyo yao, mbali sana na mama zao. Waitaliano wakawazingira kwa mizinga. Maji yakawa haba, na kikosi kilichotumwa kuwaokoa hakikuweza kuuvunja mzingo ule. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai wale askari wakatoka kimya kimya gizani, wakajipenyeza kati ya adui, wakaliacha boma tupu.

Waitaliano walikaa Moyale miezi saba. Mwezi wa Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalivuka mpaka, yakaiteka Mega tarehe 18, na Moyale ikarudi mwezi huo huo. Tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu.

Leo Moyale ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mmoja wa Ethiopia. Tarehe 9 Desemba 2020 viongozi wa nchi hizo mbili walikusanyika hapo kufungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Waborana, Wagabra, Wagarre na Waburji wako pande zote mbili. Mtu huoa huku na kuzika kule. Ukame ukija, mfugaji hufuata maji na majani mahali yalipo, kama babu yake alivyofanya kabla Kapteni Maud hajafika na vyombo vyake vya kupimia.

Mbuzi wanunuliwao Kiamaiko na kuliwa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, wengi hutoka kaskazini kwa njia hiyo hiyo. Basi apitaye Moyale asipite kama apitaye kichuguu. Awakumbuke vijana wa Nyasaland waliovumilia kiu hapo, na wenyeji ambao mpaka uliwakuta nyumbani kwao.